Nijazie Kama Hii

Kapsoya ni mtaa usioficha kitu. Ukikaanga vitunguu tu, ploti nzima inajua leo umekosa nyama, na kuna jirani atakuombea. Kwa hivyo habari ya Linet, mke wa Edwin, hatukuipata kwa masikio kwanza. Tuliipata kwa pua.

Linet alikuwa na kibanda cha manukato ya mafuta mjini Eldoret, yeye na rafiki yake Aketch, mwanamke wa Kisumu mwenye kicheko cha kupasua glasi. Watu waliingia na chupa tupu, wakatoka wananukia. Kazi ya Aketch ilikuwa kupiga domo. Kazi ya Linet ilikuwa kunusa. Alikuwa na pua, huyo mama! Alikuwa akijipaka tone moja kwenye kifundo cha mkono, akifumba macho, kisha akijirekodi kwa simu akiwatolea wateja hukumu.

"Wapendwa, hii ni mchungaji akienda harusini. Hii nayo ni ex wako amepata kazi. Na hii ni bibi harusi, lakini mwangalieni vizuri, ana wasiwasi."

Siku moja, jua limewaka na biashara imelala, mwanamke mzee aliyejitanda leso ya kijani aliweka kichupa juu ya kaunta. Kilikuwa na matone machache tu chini.

"Nijazie kama hii."

"Inaitwaje, Mama?"

"Nijazie tu kama hii."

Linet akajipaka. Kwanza likaja jani chungu, kama dawa ya ng'ombe iliyopondwa kwa jiwe. Nyuma yake ukaja mti: mtarakwa, posti mbichi ya ua, utomvu bado unatoka. Akatabasamu, akawasha simu. "Wapendwa, hili ni shamba la babu baada ya mvua..." Halafu harufu ikageuka. Ukaja moshi, lakini moshi uliopoa, kama kibuyu cha maziwa ya mursik kilichosuguliwa mkaa ndani na kikaachwa bila maziwa. Na chini ya moshi huo kulikuwa na kitu kingine, cha vuguvugu. Linet alikitafutia jina. Simu ikaendelea kurekodi kimya chake.

Ilikuwa shingo ya mtu.

Alipofumbua macho, mwanamke yule alikuwa tayari mlangoni. "Imekukubali," akasema, akapotelea kwenye watu. Hakugeuka kuulizia kichupa chake.

"Umepata pafyumu ya bure!" Aketch akacheka. "Ni malaika huyo, ametumwa na wakwe zako kule Ziwa."

Linet hakucheka. Alikuwa akinawa. Alinawa kwa sabuni ya kipande, akanawa kwa sabuni ya unga, akasugua kwa ndimu hadi ngozi ikawaka. Kichupa akakiacha kwenye droo ya kibanda. Harufu alirudi nayo nyumbani.

Wikendi hiyo walikwenda kijijini Ziwa, kwa Sarah, mamake Edwin, kumpa mtoto jina. Kwenye kadi ya kliniki binti huyo alikuwa Lorraine, na kanisani angekuwa Lorraine vilevile. Lakini Sarah alitaka na jina la nyumbani, na jina hilo kwa Wakalenjin halichaguliwi na mzazi. Kina mama wazee humzunguka mtoto wakitaja jamaa waliokwisha kufa, mmoja baada ya mwingine. Mtoto akipiga chafya, mambo yamekwisha: aliyetajwa ndiye aliyerudi. Pua ikikataa kabisa, ugoro kidogo huisaidia.

Ilikuwa mchana kweupe, chai imemiminwa, ng'ombe wanacheua nje ya dirisha. Linet alimpakata mtoto.

"Tabutany," wakaita. "Kimoi. Tapkili."

Lorraine aliwatazama kama mkaguzi wa shule. Kina mama wakacheka. Linet akanyoosha mkono kumfuta mtoto mate, na kifundo chake kikapita karibu na Naomi, shangazi mzee ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Naomi akavuta pumzi. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni harufu ya Kobilo," akanong'ona.

Mtoto akapiga chafya.

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kopo la ugoro lilianguka, likabingirika mpaka chini ya kabati, na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Hukumwita," Sarah akasema. "Naomi, sema hukumwita."

"Sikumwita. Nimemtaja tu."

Jikoni, Sarah alimweleza mkaza mwanawe kwa sauti ya chini, mgongo umeelekea mlango. Kobilo alikuwa mke mdogo wa babu yake Edwin. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa akichemsha mafuta yake mwenyewe, mtarakwa na majani ambayo hakumwonyesha mtu, akijipaka shingoni, kisha akiwaombaomba wenzake wamwachie watoto awabebe. Na mtoto aliyebebwa na Kobilo hakumtaka mamake tena. Wakamfukuza.

"Alifia wapi?" Linet akauliza.

Sarah akafunika sufuria. "Nani alimwona akifa?"

Harufu ilianza kumtoka Linet siku iliyofuata, baada ya ibada. Alimshukuru Mungu. Lakini kadiri ilivyofifia mkononi, ndivyo Lorraine alivyomgeuzia uso. Alikataa titi la kushoto. Akakataa la kulia. Akakataa chupa, kijiko, kidole chenye maziwa. Alimtazama mamake kama abiria anavyomtazama mtu asiyemjua aliyemkalia kwenye kiti chake.

Daktari alimgeuza huku na huku, akasema hana ugonjwa. Mzani ulisema mengine. Mchungaji alikuja akaomba mpaka shati likalowa. Sarah na Naomi walishuka kutoka Ziwa, wakarudia majina yote, kwa ugoro na bila ugoro. Pua ya mtoto ilikaa kavu. Alilala tu akifunikwa ile blauzi ambayo Linet aliivaa siku ile kibandani, ambayo bado haikuwa imefuliwa. Akiamka, analia. Kisha kilio kikapungua, si kwa kutulia, bali kwa kukosa nguvu. Hilo ndilo lililomtoa Linet nyumbani.

Aketch alimkuta kibandani anavuta droo.

"Linet! Yule mama wa leso alipita leo. Nikamwambia chupa yake iko. Akasema si yake tena."

Linet alikuwa ameshakitoa. Kilikuwa kimejaa mpaka shingoni.

"Ulikijaza?"

"Nikijaze na nini, dada?" Aketch, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alinong'ona.

Nyumbani Sarah alisimama kati yake na mtoto. "Ukijipaka, atanyonya. Lakini atakuwa ananyonya nani?"

"Nifanye nini basi, Mama? Nikae hapa nimwangalie akikauka?"

Sarah akatazama mikono ya mjukuu wake, ngozi imelegea kama soksi. Akasogea kando.

Linet akajipaka shingoni. Jani chungu. Mti. Moshi uliopoa. Lorraine aligeuka, akamtafuta, akampata. Alinyonya kwa pupa, huku akishika nguo ya mamake kwa vidole vyote. Linet alilia kwa furaha, na Edwin akalia, na hata sisi majirani tuliposikia mtoto amekula tulipeleka uji na maneno mengi.

Akawa anajipaka kila siku. Kichupa hakikupungua.

Mtoto alinenepa. Mamake akaanza kutia chumvi kwenye chai. Tukasema ni uchovu. Akawa anaimba bembelezo ambalo Sarah alilisikia Ziwa alipokuwa bibi harusi mpya, na halikuwa limeimbwa kwenye boma lile tangu Kobilo afukuzwe. Aketch alikuja kumtembelea, akaita mlangoni, "Linet! Linet, we mwizi wa wateja wangu!" Yule aliyeketi kwenye kochi alimwangalia kwa upole, akamkaribisha, akamuuliza alikuwa akimtafuta nani.

Wakamrudisha Ziwa. Mchana kweupe kama ule, chai ileile, ng'ombe wanacheua. Naomi alishika ugoro. Safari hii jina lilikuwa moja.

"Linet," wakaita.

Mwanamke aliyekuwa kwenye kiti aliwatazama, akawahurumia. Walimtaka sana huyo Linet wao. Yule kijana mrefu aliyeminya kofia mikononi alikuwa na macho mekundu. Mwanamke akageuka kuangalia mlango, labda huyo Linet anakuja.

"Linet."

Ugoro puani. Pua kavu.

"Linet. Linet wa Soy. Mama Lorraine."

Mtoto akacheka peke yake mapajani. Mwanamke akawasaidia kungoja.

Sarah alipiga magoti. Nguvu zilikuwa zimemwisha, na pamoja nazo akili. Akasahau neno moja ambalo wote walikuwa wamekatazana tangu asubuhi.

"Kobilo, tafadhali," akanong'ona, "turudishie..."

Mwanamke akapiga chafya.

Siku hizi tunamwona kwenye baraza, mtoto mnene mapajani. Anatusalimu vizuri, kwa Kikalenjin cha zamani ambacho hata wazee huulizana kimesema nini. Hatumwiti kwa jina. Tunasema "Mama," tunapita, tukibana pumzi mpaka kwenye lango.

Juzi Edwin aliingia kibandani. Alikuwa amekonda yeye sasa. Akaweka kichupa juu ya kaunta, kilekile, na ndani yake matone machache tu.

"Nimekipata chini ya mto wake wa kulalia," akasema. "Shem, nijazie kama hii."

Aketch alifungua. Alijiandaa kwa jani chungu. Halikuja. Ikaja sabuni ya mtoto. Ikaja ndimu, nyingi, kama mtu alikuwa akijisugua. Ikaja chai ya maziwa isiyo na chumvi. Na chini kabisa kulikuwa na kitu cha vuguvugu, ambacho Aketch hakuhitaji kukitafutia jina. Alikuwa amekaa kando ya Linet kwenye kibanda hicho miaka yote.

Akakiziba haraka kwa kidole gumba.

"Shemeji," akanong'ona, "hii haijazwi."

Edwin hakuondoa mkono kwenye kaunta.

"Hata nusu," akasema. "Nijazie hata nusu."