Mafuta ya Sumari

Maziwa ya nyumbani kwa Lemburis yaliacha kuganda. Yalikaa kwenye kibuyu hata siku mbili, na badala ya kuchacha yakatoa juu tabaka nene la mafuta ya njano. Mafuta hayo yalinuka kondoo, ingawa waliokamuliwa ni ng'ombe, na kibuyu kilikuwa kimesuguliwa na kufukizwa moshi wa mzaituni mwitu kama kawaida.

Nashilu, mke mdogo wa Lemburis, ndiye aliyeligundua hilo. Alikificha kibuyu kimoja chini ya vazi lake la ngozi, akapanda kutoka Sekei hadi misheni, akamkuta mwalimu Yoeli nyuma ya darasa akichonga vigingi vya uzio.

"Mwalimu, nusa."

Yoeli alinusa, akauondoa uso wake haraka. "Mmechinja kondoo?"

"Hatujachinja tangu mvua zianze."

"Basi mwaga."

"Mzee hataki. Anasema hiyo ndiyo baraka yenyewe." Akatazama njiani kuona kama kuna mtu. "Watoto wanalilia hayo tu, mwalimu. Ndizi hawali, uji hawanywi. Na kuna mtu kwenye chumba cha ndama. Tukikamua jioni namsikia anajipaka mafuta. Viganja vinateleza juu ya ngozi, taratibu, mbele na nyuma. Nikiingia naona ndama tu, wamebanana ukutani."

"Kwa nini umeniletea mimi? Kwenu kuna laiboni, mganga wenu."

"Kwa sababu anaita jina lako."

Ilikuwa miaka ya Wajerumani, boma la Arusha likiwa bado jipya na barabara ya kwenda Oldonyo Sambu ikichimbwa kwa mikono ya watu. Lemburis alikuwa jumbe, kazi yake kutafuta mikono hiyo. Miongoni mwa aliowakamata alikuwamo Sumari, kaka yake Yoeli, Mmeru mwenye migomba yake na ubatizo wake, mtu mwembamba ambaye hakuwahi kuinua sauti hata kwa mbuzi. Sumari alianguka na jiwe begani. Lemburis alimpiga ili ainuke, akaendelea kumpiga alipokuwa hawezi tena kuinuka. Kule boma Yoeli aliambiwa kwamba kaka yake ametoroka kazini, lakini waliokuwa naye barabarani walimsimulia walichokiona. Mwili haukurudishwa.

Tangu hapo mambo ya Lemburis yalimnyookea. Ng'ombe wake walizaa mapacha. Ugonjwa uliofyeka mifugo ya wengine uliruka ua wake. Yoeli aliyaona yote, na kila asubuhi kabla ya kupiga kengele ya shule aliingia kanisani, akapiga magoti na kumtaja Lemburis mbele za Mungu kwa jina lake na la baba yake. Hakumwombea toba. Aliomba aoze.

Asubuhi ile, kabla Nashilu hajafika, Hanna, mjane wa Sumari, alikuwa akimsubiri mlangoni pa kanisa na ndoo yake ya maji.

"Umemaliza kuomba, shemeji?"

"Nimemaliza."

"Amekusikia. Jana kampa Lemburis majike wawili wa mimba moja."

Hakusema kwa dhihaka tupu. Hanna alikuwa na jambo moja tu alilolitaka, nalo alilirudia kila alipokutana na Yoeli: kaburi. Waarusha siku hizo hawakuzika watu wa kawaida. Maiti ililazwa porini upande wa machweo, ikapakwa mafuta ya kondoo ili fisi waje upesi, na fisi wakiikataa nyumba nzima huingiwa na hofu. Lakini Sumari alikuwa Mkristo, na Hanna alitaka mahali pa kusimama na kusema, yupo hapa.

Siku hiyohiyo Yoeli alifuatana na Nashilu mpaka Sekei. Walifika ng'ombe wakiingia zizini. Lemburis alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, na Yoeli alipomwona alisimama kidogo, maana hakuwa amemwona kwa karibu tangu kiangazi. Mashavu yalikuwa yamepanda hadi macho yakabaki nyufa mbili. Shingo ilikuwa imemezwa na mabega. Kilichong'aa usoni mwake hakikuwa jasho. Nzi walikuwa wamenasa humo, na mmoja alikuwa bado akipepesa mabawa.

"Shikamoo, jumbe," alisema Yoeli.

"Marahaba, mwalimu. Karibu ule."

"Nimeshiba."

"Wewe? Mbavu zako nazihesabu kutoka hapa. Mungu wenu hawalishi?" Alicheka, na tumbo likaendelea kutikisika baada ya kicheko kwisha. "Najua umefuata nini. Pita. Nashilu, mwonyeshe ndugu yake."

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya mafuta yaliyolala. Watoto wawili wa Nashilu walikaa kando ya jiko wakilamba vidole, vidole vinene vilivyobana kwenye viungo kama vimefungwa uzi, na hawakugeuka. Yoeli alisikia ile sauti kabla hajafika kwenye kiambaza cha fito: kiganja juu ya ngozi iliyolowa, kikienda na kurudi bila haraka, namna mtu anavyojipaka mafuta akijiandaa kwenda kwenye sherehe ya watu anaowapenda. Aliinama, akachungulia chumba cha ndama, na mwanga wa mlangoni ukapita juu ya bega lake ukaangukia kitu kilichokaa pembeni huku kimeegemea ukuta wa samadi, na kwa kitambo alidhani ni gunia, kisha akadhani ni mnyama aliyechunwa, kisha akaiona alama ya kuungua kwenye goti ambayo yeye mwenyewe aliisababisha walipokuwa watoto wakichoma ndizi, na alama ile sasa ilikuwa imetanuka, imekuwa pana kama jani, kwa sababu ngozi iliyoibeba ilikuwa imevutwa na kunona hadi inapitisha mwanga.

Sumari, aliyekufa mwembamba, alikuwa amenenepa. Mafuta yalimtoka kila mahali, yakashuka kifuani, yakadondokea vibuyu vilivyopangwa miguuni pake. Viganja vyake viliyasukuma yashuke. Hakuoza. Hakunuka maiti. Alinuka chakula, na jambo hilo ndilo lililomfanya Yoeli ashike mdomo, kwa sababu mate yalikuwa yamemjaa.

"Yoeli," ilisema sauti iliyozama. "Nimalizeni."

Alirudi nje kwa kutambaa. Alitapika kwenye miguu ya Lemburis, na Lemburis hakuisogeza.

"Sikumtendea vibaya," Lemburis alisema, kwa utulivu wa mtu anayeeleza mpaka wa shamba. "Alipokufa nilimlaza porini kama mtu wa kwetu. Nilimpaka mafuta ya kondoo mzima, dume langu mwenyewe. Fisi wakaja. Wakamzunguka, wakanusa, wakaondoka. Nikasema, huyu wa maji ya misheni, hata fisi wanamkataa. Kesho yake hakuwapo. Nikarudi nyumbani, nikamkuta hapo."

"Ukamla."

"Fisi wamemkataa. Lazima amalizwe, anaomba mwenyewe, umemsikia. Basi tunammaliza. Lakini kadiri tunavyokula ndivyo anavyoongezeka." Alijifuta kidevu, akakilamba kiganja. "Wewe ulisema kanisani Mungu atanilipa. Mimi nakuuliza, mwalimu, malipo mengine ni yapi kuliko haya?"

Nashilu, ambaye mara hii naye alikuwa amemwona aliyekaa pale, alimsindikiza hadi mtoni. Ni yeye aliyesema lililobaki, akitazama maji. Ngozi ya Lemburis ilikuwa imeanza kupasuka kwenye makwapa, na alipolala usiku mafuta yalimvuja. Hangefika mavuno. "Lakini watoto wangu wanakula sufuria moja naye," alisema.

Yoeli alipanda mlima akiwa na wazo moja, na lilikuwa tamu kiasi cha kumtisha. Akimwacha Sumari palepale, Lemburis atapasuka kama tunda lililokaa juani. Ombi lake lilikuwa linajibiwa, taratibu, mbele ya macho yake. Kinachotakiwa ni kunyamaza tu.

Alimweleza Hanna yote, pamoja na wazo hilo. Hanna alikuwa akimenya ndizi. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi.

"Kwa hiyo unataka haki," alisema, "na unataka kuipata kwa mwili wa mume wangu."

"Hanna, ni muuaji."

"Namjua. Nimelala peke yangu kwa sababu yake. Niletee Sumari. Lemburis mwachie huyo unayempigia magoti kila siku, kama yupo."

"Na Lemburis akinusurika?"

"Anusurike. Kwani kaka yako ni wa kuliwa?"

Walikwenda siku Lemburis alipoitwa boma kuvishwa tarbushi nyekundu kwa sababu barabara yake ilikuwa imenyooka kuliko za wengine. Yoeli alichukua wanaume watatu wa usharika na sanduku la mbao. Mmoja alikimbia alipoona. Waliobaki walijifunga vitambaa puani na kumwinua kwa ngozi ya ng'ombe, maana mikono mitupu iliteleza. Nashilu alivunja vibuyu vyote, akawachukua watoto wake wanaolia, akawafuata. Njia nzima mafuta yalichuruzika kati ya mbao, na mbwa wa Sekei walikuja, wakanusa tone la kwanza, wakakaa chini na kuanza kubweka bila kuyagusa.

Mchungaji wa Kijerumani aliambiwa kwamba mwili umepatikana porini, naye hakuuliza zaidi. Alisoma sala. Hanna alitupa udongo wa kwanza. Kutoka sandukuni ile sauti ya viganja iliendelea chini ya wimbo, ikapungua kadiri udongo ulivyoongezeka, na ubeti wa mwisho ulipoimbwa haikuwapo tena. Hanna alibaki amesimama pale hadi jua lilipoingia. Alisema maneno yake mawili, yupo hapa, akaenda nyumbani kulala, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi alilala.

Nyumbani kwa Lemburis maziwa yaliganda tena. Lemburis mwenyewe hakupasuka. Alikonda hadi akarudi umbo lake, akawa mzuri wa kutazama, na tarbushi ilimkaa vizuri. Siku moja Yoeli alifika kwenye makaburi kabla ya kengele, akamkuta amepiga magoti juu ya kaburi la Sumari, kipaji cha uso chini, mgongo ukitikisika. Mchungaji alikuwa amesimama kwenye ua, kofia mkononi, machozi yakimlenga.

"Anakuja kila siku, Yoeli," alinong'ona mchungaji. "Jumbe mzima. Analia juu ya kaburi la mtu wa kawaida. Tuliomba, na Mungu ameulainisha moyo wake."

Yoeli alikaribia. Lemburis hakuwa analia. Alikuwa ameondoa majani, na pale udongo ulipokuwa mweusi kwa mafuta yaliyopenya alikuwa akiulamba, kwa uangalifu, akitema vijiwe pembeni.

"Hakuna kingine kinachopita, mwalimu," alisema bila aibu. "Nyama natapika. Asali natapika. Nisaidie. Nasikia kwenu mezani mnagawiana mwili."

"Si hivyo unavyodhani."

"Basi ni mwili wa nani?"

Yoeli alikwenda kwa mchungaji akamwambia ukweli wote. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea mkono begani. Alisema kwamba majonzi humfanya mtu aone mengi, na kwamba kumsamehe adui ndilo somo gumu kuliko yote, hata kwa mwalimu.

Desturi ya misheni ile ilikuwa kwamba mtu mzima habatizwi mpaka mwalimu wake asimame mbele ya watu aseme, namshuhudia. Siku ya ubatizo wa Lemburis ilipofika kanisa lilijaa. Lemburis alikuwa mbele kwa shuka jeupe, na mchungaji akageuka.

"Mwalimu Yoeli. Unamshuhudia mtu huyu?"

"Simshuhudii," alisema Yoeli.

Watu walinung'unika. Mzee mmoja wa kanisa alisema kwa sauti kwamba chuki imemla mwalimu. Mchungaji alisubiri, akainamisha kichwa kwa huzuni, kisha akamshuhudia yeye mwenyewe na kumwaga maji. Lemburis akawa Thomasi. Wakaimba.

Mezani Thomasi alipewa kipande chake cha mkate. Yoeli alimwona akitafuna, kwanza kwa pupa, kisha polepole, kisha taya zikasimama. Alikuwa ameonja mkate. Akaumeza kwa shida, akafuta mdomo, na badala ya kurudi benchi la wanaume akabaki amesimama huku pua yake ikitanuka na kusinyaa.

Aligeukia upande wa wanawake. Nashilu alikuwa amekaa pale na watoto wake wawili, ambao miezi ya uji wa misheni haikuwa imewapunguza hata kidogo. Mashavu yao yalikuwa bado yale yale, yamejaa, laini, yakimeta kwenye mwanga wa dirishani.

Thomasi alikwenda akakaa nyuma yao kama baba. Akainama, akasogeza pua yake kwenye shingo ya yule mdogo, akavuta pumzi ndefu.

"Wako hapa," alisema taratibu, na watu wa karibu, wakidhani anamshukuru Mungu kwa kumrudishia watoto wake, wakaitikia amina.

Yoeli alikuwa tayari amesimama. Alipita katikati ya wimbo, akaruka benchi, akawanyakua watoto wote wawili kifuani kwake. Walikuwa wazito. Mikono yake iliteleza kwenye mafuta ya ngozi zao, ikabidi awakumbatie upya.