Gauni Jeupe Juu ya Paa

Walikutana sokoni, watu wamebanana, pale binti alipokuwa akiuza miavuli. Mpiga picha alisimama mbele ya meza yake, jasho linamchuruzika, shati la kitani limemganda mgongoni.

"Dada, nipe mmoja uninusuru."

"Kumbe na wanaume huogopa jua?"

"Si mimi, ni kamera. Napiga picha za ndege."

"Basi kamera hiyo imepata mume mwema!"

Wakacheka. Miezi minne ikapita kwa simu za asubuhi na mchana, mara kipenzi, mara ua langu. Kila siku yake ya mapumziko binti alimfuata kumshikia mwavuli. Kamera kivulini, yeye juani. Lakini picha yake mwenyewe hakupigwa hata moja.

"Siku nikikupiga wewe," kijana alimwambia, "ujue nakuoa."

Alhamisi akapiga simu. "Mpenzi, kesho saa sita, juu ya paa la ghala. Vaa gauni jeupe, refu, jeupe kabisa."

"Kuna nini?"

"Utaona mwenyewe."

Shangazi aliyemlea alilipiga pasi gauni lile mara tatu, akimshukuru Mungu kwa sauti.

Paani, saruji ilichoma hadi ndani ya viatu. Ndege mweusi tii alikuwa kiotani kando ya tangi la maji, ametandaza mabawa kuyakinga mayai yake mawili.

"Simama karibu naye. Geuka kidogo. Hapo hapo!"

Binti akatabasamu.

"Usihangaike na uso, haumo. Jua la utosini linamfanya huyu awe kama donge la makaa. Gauni lako ndilo linalomrudishia mwanga tumboni."

Tabasamu likakosa pa kwenda. "Na ile ahadi?"

"Ipi? Aa, ile! Ua langu, wasichana wote mimi huwaambia hivyo. Nani atashika mwavuli saa tatu nzima bila tumaini?"

Akaokota kokoto, akamrushia ndege. Ndege akaruka, kamera ikalia mfululizo. "Nimempata!" Akakusanya vitu vyake, akateremka ngazi akipiga mluzi.

Mayai yakabaki juani. Binti akafungua mwavuli aliokuja nao, akayainamia, lakini ndege alimwogopa, hakushuka. Basi akavua mshipi wa gauni, akaufungia mwavuli kwenye bomba la tangi, juu ya kiota, akarudi nyuma hadi ngazini, kichwa wazi.

Simu ikalia.

"Enhe, mwanangu! Tayari? Nimeshabandika chakula cha mkwe."

Ndege alizunguka mara ya tatu, akashuka kivulini.

"Epua, shangazi. Hakuna mgeni."