Mashua ya Tumbo Pana

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu mshona nyavu, na si mtu wa porojo. Mumewe alizama na mashua nyembamba. Rafiki yangu ndiye aliyemchagulia mashua hiyo, kwa kupenda kasi yake. Juzi akaenda karakana ya mashua kumchagulia shemeji yake mashua mpya.

“Chukua hii ya tumbo pana, dada,” fundi alimwambia. “Wimbi likija, inapanda nalo.”

Umeme ukakatika. Gizani, ndani ya mashua ile, mtu akawa anachota maji na kumwaga, anachota na kumwaga, huku anahema.

“Nani yumo?”

“Hamna mtu, dada. Hii haijaonja maji.”

Taa ziliporudi, mashua ilikuwa kavu. Ndani mlikuwa na kopo la kuchotea maji lililozama na mumewe, lenye mpini wa kamba aliousuka rafiki yangu mwenyewe. Fundi alitoka mbio. Rafiki yangu akaushika mpini. Ulikuwa na joto la kiganja.