Kilichokatwa Baada ya "Pero"

Kifupishi kilimaliza kazi kabla chai haijapoa. Wachimbaji mia tatu wa Bolivia waliripoti kila asubuhi kwa Kihispania kutoka kambi ya mwezini, na chombo hicho kikageuza maneno yao kuwa Kiswahili cha mstari mmoja mmoja kwenye ukuta wa chumba cha uangalizi, Dodoma. Mhandisi Tunu Mshana ndiye aliyekiunda, naye alijivunia kazi yake bila kificho.

Waangalizi walikuwa wamelalamika kwamba ripoti ni ndefu kama hotuba za mgeni rasmi. Basi Tunu akakifunza chombo kukata kila kinachofuata neno "pero", yaani lakini.

"Baada ya lakini huwa ni visingizio tu," aliwaambia. Wakacheka, wakakubali.

Siku ya arobaini na moja tangu kifupishi kianze kazi, mchimbaji Eusebio Quispe alianguka kazini, akafa. Daktari wa kambi, Mfinanga, akapiga simu.

"Mapafu yamejaa vumbi, dada Tunu. Huyu kaumwa wiki nyingi. Kwani hakusema?"

Ukutani palikuwa na "Niko salama" ya Eusebio mara arobaini na moja. Tunu alizima ukataji kwenye mtambo wa ripoti, akazisikiliza upya ripoti zake, sasa zikitafsiriwa nzima. Niko salama, lakini kifua kinabana. Niko salama, lakini jana nimetema damu. Aibu ilimpanda hadi masikio yakawaka. Kwao Same, nani asiyejua kwamba salamu hujibiwa "salama" kwanza, hata kama nyumbani kuna msiba, na habari yenyewe hufuata? Alilijua hilo tangu utotoni, akalipuuza kwa kupenda haraka.

Mchana alimpigia Ximena, mke wa marehemu, kwa simu ya picha. Alikiri kila kitu, hakujitetea. Ximena alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kusema.

"Sikulaumu," kifupishi kikatafsiri, kikanyamaza.

Midomo ya Ximena iliendelea kwenda, machozi yakimtiririka. Tunu hakujua Kihispania, ila neno lile moja alilitambua. Ndipo alipokumbuka kwamba mtambo wa simu za familia hakuugusa. Akauzima ukataji wake.

"Mama, nakuomba urudie. Nisikie yote."

Ximena alijifuta uso kwa kiganja.

"Nimeshasema," alijibu, akakata simu.