Bomba la Chini ya Dirisha

Nilifika pale jua likikaribia kuzama, begi la vifaa begani, kuangalia tu kazi ya kesho. Kutoa mabomba ya chuma ya nyumba nzima, kuweka ya plastiki. Nyumba yenyewe vyumba vinne, wakazi watatu: bibi mwenye nyumba, mwanawe dereva wa lori ambaye muda wote alikuwa safarini, na mke wa huyo mwanawe. Mke ndiye aliyeniita.

"Yote, fundi," aliniambia. "Usiniachie hata kipande."

"Dada, mimi sibakizi. Waulize watu."

Bibi alikuwa amekaa jikoni. Aliniangalia bila kunisalimia, akanyoosha mkono, akanipa kikombe cha maji ya bombani. Nikanywa. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na harufu... harufu ya kitu kilichofungiwa muda mrefu. Kutu, nikajisemea. Mabomba ya miaka arobaini, ulitegemea nini?

Siku mbili zilizofuata nilichimbua kuta na kukata chuma. Upande wa jikoni niliuacha wa mwisho, kwa hiyo kiu ikinishika nilichota kwenye ndoo yao, maji yale yale. Kuna jambo niliona, sikulitia maanani. Nyumba ile haikuwa na sauti. Ugomvi hakuna, kicheko hakuna. Mlango ulimbana yule dada kidole, ukucha ukang'oka. Akautazama. Akafunga kitambaa, akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya pili mchana simu ikaita. Kaka yangu.

"Mama ametutoka."

Nikasema, "Sawa."

"Umenisikia wewe? Mama amefariki! Tunazika kesho alasiri."

"Nimesikia. Nitakuja."

Nikakata simu, nikashika spana, nikamalizia kukaza pale nilipokuwa nakaza. Mizunguko mitatu. Ndipo nikagundua kwamba sihisi kitu. Mama yangu, jamani! Mama aliyenizaa! Nikajifinya mkono. Nikamwaza amelazwa peke yake, amefunikwa shuka. Wapi! Kifua kilikuwa kimekufa ganzi kama fizi iliyochomwa sindano. Niliogopa, ingawa hata woga wenyewe niliujua kwa akili tu, mwilini haukushuka.

Dada alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umefiwa," akanong'ona.

"Mama."

"Na hulii."

"Silii."

"Mimi wangu nilimzika mwaka jana, macho makavu. Ndugu zangu wakasema nimemroga mwenyewe. Mpaka leo hawapokei simu zangu." Aliyasema hayo kama anayeagiza vitu dukani. "Ni maji, fundi. Muulize mama mkwe."

Bibi hakuficha.

"Mtoto wangu wa kwanza alikufa ana miaka minne," alisema. "Nililia miezi saba. Nikaacha kula. Mume wangu akaenda kwa mtu, akarudi na kitu, akakitia kwenye bomba hilo la chini ya dirisha. Nilipokunywa tu, kimya. Alipokufa mume wangu mwenyewe niliwapikia waombolezaji chakula, nikaosha na masufuria." Akanishika mkono. "Mengine toa, baba. Hilo liache. Sina nguvu za kulia tena mimi."

Nilimwonea huruma kwa maneno, si kwa moyo. Kesho alasiri ningesimama kaburini na watu wangenitolea macho. Lakini hao watu wana yao. Mimi nilitaka kumlilia mama yangu. Hilo tu. Hata kwa dakika moja.

Nikachukua nyundo na tindo.

Ukuta ulikuwa laini, umeloa kwa ndani. Bomba lilipojitokeza nikaligusa... lilikuwa na joto. Koki kuu nilikuwa nimeifunga tangu asubuhi, hakuna tone linalopita, lakini ndani yake kitu kilikuwa kinatembea. Taratibu. Kinafika mwisho, kinarudi. Nikaweka sikio.

Kwi... kwi... kwi...

Kwikwi za mtu aliyechoka kulia.

Nikatia msumeno. Nyuma yangu bibi alikuwa anasema polepole, "Acha, baba. Acha." Bomba likakatika, ile harufu ikajaa jikoni, na sakafuni kikadondoka kifundo cha nywele kilichofungwa kwa uzi wa kushonea. Kilikuwa kinatuna na kunywea, kinatuna na kunywea. Au macho yangu tu. Dada akakizoa kwa kizoleo cha takataka, akakitoa nje, akakimwagia mafuta ya taa, akawasha.

Nikaunga bomba la plastiki, nikafungua koki kuu. Nina tabia moja, mafundi wenzangu wananichekea: njia mpya ikipata maji, ya kwanza nayaonja mwenyewe kabla sijamkabidhi mteja. Nikakinga kikombe. Nikanywa nusu.

Yalikuwa ya chumvi.

Bibi akaninyang'anya kile kikombe, akamalizia nusu iliyobaki. Labda alidhani dawa bado imo. Tukatazamana, mimi na yeye, tunasubiri.

Hakuna kilichokuja.

Kilikuja kesho yake, kaburini. Udongo wa kwanza ulipogonga jeneza nilisikia kitu kinapanda kutoka tumboni. Nililia, nikalia, mpaka nikashikiliwa na watu. Shangazi akasema kweli huyu alimpenda mama yake. Ila kaka, aliyekuwa amenikumbatia, akaanza kunitazama vibaya.

"Unasema nini wewe?" akaninong'oneza.

Nikajisikiliza. Nilikuwa nasema, "Mwanangu. Miaka minne tu. Mwanangu..."

Mimi sina mtoto. Sijawahi kupata. Na yule mtoto nilimjua: jino lililomeguka, anavyolala amekunja ngumi. Nikamtafuta mama chini ya kilio kile. Hakuwemo, hata sura yake.

Jioni dada akapiga simu. Naye alikuwa analia, kilio cha mwaka mzima, maneno yanamkatika.

"Fundi, mama mkwe analia tangu saa tisa. Hanyamazi. Anamlilia mama yake. Anasema mama huyo alikuwa anampulizia uji, anamwita Kidole, eti yeye alinyonya kidole mpaka akaanza shule. Fundi... mama yake alikufa siku aliyomzaa. Mama mkwe hakuwahi hata kumwona!"

Kidole ni mimi. Duniani aliyeniita hivyo alikuwa mtu mmoja, na tulikuwa tumetoka kumzika.

Alfajiri nikasafiri. Nilitaka kumwomba bibi anirudishie, sijui hata kwa njia gani. Tunywe tena kikombe kimoja, chochote kile. Nilikuta viti vimepangwa nje. Dada alisema bibi amekufa huku analia na anatabasamu, ameshika shavu lake mwenyewe.

Sasa ni mwaka wa tatu. Kila alasiri namlilia mtoto wa watu, kisha naosha uso narudi kazini. Nyumbani kwa kaka kuna picha ukutani, mwanamke mwembamba kasimama kando ya kiti. Kila nikienda kumtembelea naiangalia kwa muda mrefu. Nimeambiwa ni mama yangu.