Posa ya Harun na Uchaguzi wa Kanada

Kila Ijumaa asubuhi Velma hupika chapati, na mumewe Reuben hugombana na simu. Husikiliza stesheni ya redio ya nyumbani Kenya. Mtangazaji akisema jambo la siasa, Reuben humjibu kwa sauti kubwa. Kwa kuwa mtangazaji hamsikii, Reuben hushinda kila mara.

Wanaishi Abu Hamour, mjini Doha, katika nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vya kupanga. Reuben ni dereva wa kampuni. Velma anafanya kazi jikoni katika shule ya watoto wadogo. Harun, mdogo wake Reuben, ni mlinzi katika jengo la maduka. Siku ya mapumziko huja kula kwao.

Ijumaa moja ya Oktoba, mwaka 2015, Harun alikuja kama kawaida. Lakini hakugusa chapati.

"Unaumwa?" Velma akamwuliza.

"Hapana, shemeji. Baba mdogo wa Pamela amekubali kuja hapa Ijumaa ijayo. Anataka kutuona kabla hajasema lolote kuhusu posa."

Pamela alikuwa mchumba wa Harun. Alifanya kazi mapokezi katika hoteli. Baba yake alifariki zamani, na baba yake mdogo, Mzee Omondi, ndiye aliyemsomesha. Mzee huyo aliishi Kanada miaka mingi, akawa raia wa huko. Sasa alikuwa anafundisha katika chuo kimoja Doha.

"Ni mtu mzuri," Harun alisema. "Shida ni moja tu. Anapenda siasa. Kanada wana uchaguzi karibuni, na yeye haongei kitu kingine."

Velma aliacha kusukuma chapati. "Kazi ipo," akasema.

Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita walialikwa sherehe ya ubatizo kule Al Wakrah. Reuben na mwenyeji wao, baba wa mtoto, walianza kuzungumza juu ya ushuru. Wakapandisha sauti. Wakaitana majina. Wageni wakaondoka pilau ikiwa bado mezani. Mpaka leo baba huyo humsalimu Reuben akiwa mbali, kisha huvuka barabara.

"Kaka, nakuomba," Harun alisema. "Ukigombana na mzee huyu, Pamela nimemkosa."

"Mimi? Kwani mimi hugombana na nani?"

Velma akarudia kusukuma chapati.

Reuben aliona dawa ni kusoma. Wiki nzima, akimsubiri bosi wake, alikaa garini na karak, chai yake ya maziwa na viungo, akisoma habari za Kanada kwenye simu. Alisoma kwamba chama kimoja cha upinzani kiliahidi kukopa pesa ili kijenge barabara na reli. Reuben ni dereva. Aliposoma neno barabara, moyo wake ukaenda wote. Kufikia Jumatano alikuwa akisema "chama chetu".

"Chenu na nani?" Velma akauliza. "Hata baridi yao huijui! Sikiza, Reuben. Ijumaa siasa ni marufuku humu ndani. Tutaongea hali ya hewa."

"Mtu anaishi Doha hapa hapa, tumwambie kuna joto?"

Sauti zikapanda. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yao, Bi Rehema, na sahani ya vitumbua mkononi. Bi Rehema alikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima huko Tanga kabla ya kuja Doha kuishi na mwanawe.

"Jamani, ukuta huu ni ubao tu," alisema. "Nimesikia Kanada, Kanada, mpaka nimeona nije. Kuna nini?"

Wakamweleza. Bi Rehema akakaa, akacheka, kisha akamgeukia Reuben.

"Mwanangu, nimekuwa nikikusikia huu mwaka wa pili. Wewe hujawahi kubishana na mtu. Unabishana na kile unachodhani mtu amesema."

"Sasa nifanyeje, Bi Rehema?"

"Kabla hujampinga mtu, mrudishie hoja yake kwa maneno yako. Mwulize, nimekuelewa? Akisema hapana, jaribu tena. Akisema ndiyo, hapo sasa toa yako. Na upinge neno lake, yeye mwenyewe usimguse. Mambo ya kusema 'nyinyi watu wa chama fulani', achana nayo."

"Si heri tunyamaze tu?" Velma akauliza.

"Hapana, mwanangu. Mzee anakuja kuwajua. Atawajuaje mkinyamaza? Msichokijua, ulizeni. Kuuliza si aibu. Haya, Reuben, tujaribu. Mimi ni Mkanada. Nasema serikali isitumie zaidi ya inachokusanya, maana deni watalipa watoto. Nimesema nini?"

"Umesema maskini wafe!"

"Nimesema hivyo?"

"Hujasema. Lakini ndivyo mlivyo!"

Velma alicheka mpaka akashika friji. Reuben naye akaona jinsi alivyo, akacheka. Akajaribu tena. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuendesha gari katika foleni za Doha. Lakini kesho yake walirudia, na Harun akaja kujifunza pia baada ya zamu.

Ijumaa ikafika. Mzee Omondi na Pamela walikuja baada ya ibada kanisani Mesaimeer. Mzee alikuwa mrefu, na sauti yake ilijaza chumba. Lakini baada ya salamu alikaa kimya kabisa.

"Joto limepungua," Velma alisema.

"Limepungua kweli," mzee akajibu.

"Afadhali sasa," Harun akasema.

"Afadhali."

Wakala kuku. Wakasema tena kwamba joto limepungua. Pamela alikuwa akimtazama mzee kwa jicho kali. Reuben akaelewa. Kumbe kwa Pamela nako siasa ilipigwa marufuku! Akashindwa kuvumilia.

"Mzee, samahani. Nimesoma kidogo habari za uchaguzi wenu. Lakini sielewi vizuri. Wewe unauonaje?"

Mzee Omondi akamtazama Pamela. "Umesikia? Ni yeye ameanza, si mimi!"

Akavuta kiti. "Mimi nimeshapiga kura yangu kwa posta. Nimechagua chama kilicho madarakani. Bei ya mafuta imeanguka, na kwetu mikoa inayochimba mafuta imeumia. Wakati kama huu ndio serikali inafaa ibane matumizi. Hawa wengine ati wanataka kukopa! Ni upuuzi mtupu!" Akapiga meza. Vikombe vikaruka.

Upuuzi! Masikio ya Reuben yakapata moto. Velma akafumba macho. Reuben akanywa maji, polepole, glasi nzima.

"Mzee, ngoja nione kama nimekuelewa. Unasema wakati wa shida serikali isifanye kitu."

"Sijasema hivyo."

"Basi nijaribu tena. Unasema ifanye, lakini kwa pesa ilizonazo, ili watoto wasirithi deni."

"Hapo sasa! Ndivyo nilivyosema."

"Basi mimi naona tofauti kidogo. Barabara ikijengwa leo, watu wanapata kazi leo. Na hao watoto wataitumia miaka mingi. Si vibaya wasaidie kuilipia."

Mzee akaweka mfupa wa kuku sahanini. "Yaani unasema deni la kujenga si sawa na deni la kula."

"Ndiyo, mzee. Umelisema vizuri kuliko mimi."

"Bado nakataa," mzee akasema, lakini alikuwa anatabasamu. Akaongeza kuku, akamgeukia Harun. "Na wewe, mlinzi? Mwaka jana mtu mwenye bunduki aliua askari mjini Ottawa, akaingia mpaka ndani ya bunge. Mwaka huu ikapitishwa sheria. Watu wa usalama wamepewa nguvu zaidi, na ofisi za serikali zinaweza kupeana habari za watu. Mimi naiunga mkono. Unasemaje?"

Harun akatazama sahani yake. Angeweza kusema ndiyo tu. Pamela alikuwa amekaa mbele yake, na hilo ndilo lilikuwa jibu rahisi.

"Mzee, unasema hatari ni ya kweli, na anayelinda lazima awe na uwezo."

"Hasa."

"Hapo nakubali. Lakini mimi kazini nakaa mbele ya kamera. Naona kila mtu, na wengi hawajui nawaona. Kwa hivyo kuna msimamizi anayeniangalia mimi. Bila yeye, siku moja ningeangalia nisichopaswa. Sheria yenu, nani anawaangalia wanaoangalia? Kama hakuna anayewaangalia vya kutosha, mimi ningeipinga."

"Unanipinga," mzee akasema taratibu, "na umekuja kutaka binti yangu?"

"Kwa sheria nakupinga, mzee. Kwa Pamela nakuomba."

Pamela akajifunika uso kwa kitambaa cha mezani. Mzee akamtazama Harun. Kisha akashukuru kwa chakula, akasimama, akasema, "Nitapiga simu." Harun hakulala vizuri wikendi hiyo.

Jumanne asubuhi matokeo yakatoka. Chama cha Mzee Omondi kilishindwa. Kile cha barabara kilishinda, tena vizuri sana.

Reuben aliruka kutoka kitandani. Alicheza jikoni. Akashika simu, akaanza kumwandikia mzee ujumbe: "Upuuzi umeshinda!" Aliusoma, akacheka peke yake. Kisha akamfikiria mzee yule, aliyekaa mbali na watu wake, akisoma habari ile. Akaufuta. Akapiga simu.

"Mzee, habari za asubuhi. Nimeona matokeo. Pole sana. Najua ulikitakia mema chama chako, na nchi yako pia."

Velma akasogea asikie.

"Reuben," mzee akasema, "tangu alfajiri watu wamenipigia. Wote wananicheka. Wewe umekuwa wa kwanza kunipa pole. Pamela wangu ana maneno mengi, na hupinga kila kitu. Siwezi kumpeleka nyumba ambayo atanyamazishwa. Ijumaa niliona mnavyopinga mtu. Nikangoja nione mnavyomshinda."

Reuben akafungua spika ya simu ili Velma asikie vizuri.

"Mwambie Harun alete wazee," mzee akasema. "Na hiyo barabara yenu, tutaongea."

Velma alipiga kigelegele, na Bi Rehema akakipokea kutoka upande wa pili wa ukuta.