Waya wa Kuanikia Nguo Ndani ya Gogo

Sikuwa na baba wa kunipeleka shule.

Sikuwa na viatu mpaka nilipoota ndevu.

Sikuwa na darasa la mchana. Kusoma nilijifunza ukubwani, masomo ya usiku, kwenye benchi moja na watu waliosinzia. Mimi sikusinzia!

Sikuwa na mtoto wa kiume, wala sikumlilia.

Na Jumanne hii, wasomaji wangu, nusura nisiwe na kichwa!

Nilikuwa nimesimama kando ya msumeno mkubwa katika karakana yangu ya paleti, zile chaga za mbao ambazo viwanda hupangia mizigo, kisha foko, mashine ya kunyanyulia, ikainyanyua yote kwa pamoja. Nilianza kazi hii nywele zikiwa nyeusi.

"Mzee, inama!"

Sauti ya fundi wa msumeno. Tunamwita Bubu, kwa sababu hanyamazi.

Nikainama.

KRAAA! Cheche! Kipande cha msumeno kikapita pale kofia yangu ilipokuwa, kikajikita ukutani...

Hata Bubu alinyamaza, jambo ambalo mkewe hajawahi kulishuhudia.

"Gogo lina chuma ndani, Mzee," akasema mwishowe.

Tukalipasua kwa shoka. Mti ulikuwa umemeza waya, na kwenye waya ilining'inia kulabu ya dirisha, imekunjwa vibaya kwa nyundo.

Nikaichomoa kulabu pamoja na waya wake.

Kulabu ile niliikunja mimi! Waya ule niliufunga mimi, marehemu mke wangu apate pa kuanikia nguo, kwenye shamba letu la misonobari kule nyumba ya zamani. Miti tuliyoipanda pamoja, yeye akichota maji, mimi nikichimba. Bado ilihitaji miaka kadhaa ikomae.

"Bubu, magogo haya kayaleta nani?"

"Meneja. Lori zima, Mzee. Ulipokuwa hospitali ya macho. Mimi nilimuuliza, akaniambia..."

"Inatosha."

Meneja ni mume wa binti yangu. Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakiandika mgongoni mwa fulana. Kumbe alidhani nitarudi kipofu!

Nikamkuta nyuma ya karakana, miwani ya jua usoni, anachoma moto. Anachoma nini? Paleti zangu kuukuu!

Niwaeleze. Kwangu paleti ikivunjika haitupwi. Tunaing'oa misumari, ubao mzima unarudi kazini, uliopasuka unakatwa vipande vya miguu ya paleti, vumbi la mbao wanachukua wafuga kuku. Ubao mpya unaguswa pale tu wa zamani ukikosekana. Ndiyo maana miti yangu ilikuwa imesimama wakati wenzangu walishamaliza yao.

"Mkwe, unasikia baridi?"

"Nasafisha, Baba. Takataka hizi zinatuharibia picha. Wateja wa siku hizi wanataka mbao nyeupe, mpya!"

"Magogo umeyapata wapi?"

"Kwa... kwa mzee mmoja hivi. Humjui."

"Yukoje?"

"Wa kawaida tu."

"Anavaa kofia?"

"Eeh... nadhani anavaa."

"Kama hii yangu?"

Nikamtolea waya. "Na huu alikupa kama nyongeza?"

Miwani ikavuliwa. Macho yalikuwa madogo kuliko nilivyokumbuka.

"Baba, tusikuze mambo! Ile miti ilikuwa imesimama tu pale, haina kazi!"

"Wewe umesimama tu hapa miaka yote, na hakuna aliyekukata."

Bubu akacheka hadi akakaa chini.

Kabla hajajibu, lori letu likaingia getini. Kwenye kiti cha mbele alikuwa binti yangu, msimamizi wa mizigo. Nyuma, paleti nyeupe tupu, zimepinda, zimeota ukungu.

"Kiwanda kimezirudisha zote," akasema akishuka. "Mbao mbichi. Misumari inachomoka yenyewe. Baba, nani alipitisha..."

Akauona waya mkononi mwangu.

"Hiyo si kulabu ya Mama?"

Akamgeukia mumewe. Nilitegemea kelele, wasomaji. Nilitegemea machozi. Badala yake akaanza kucheka, kicheko kikavu, cha kutisha.

"Umekata ile miti? Wewe? Mume wangu, ile miti ilikuwa yako!"

"Yangu kivipi?"

"Baba kaandika barua kwa wakili. Shamba lote lihamie kwa jina lako, kwa sababu hakuzaa mvulana na alitaka kukuita mwanawe. Ilibaki aifunge tu. Miti ingekomaa mikononi mwako!"

Jamani... Nimewahi kuona wezi. Wezi wana akili kidogo. Huyu alijipora urithi wake, akaupeleka kwenye msumeno ukiwa mbichi, akapata ukungu!

Akapiga magoti kwenye maranda. "Baba, nisamehe!"

"Inuka. Unawakanyagia wafuga kuku mali yao."

"Sasa ile barua... utaichana?"

"Kuichana? Karatasi nayo ilikuwa mti. Mimi siharibu."

Nikaingia ofisini, nikaitoa barua mezani, nikavaa miwani yangu mipya. Pale palipoandikwa "shamba la miti" nikaongeza kwa mwandiko wangu mzuri wa masomo ya usiku: "ambalo sasa ni visiki". Kisha sharti: kila kisiki kipandiwe mche, asiuze, asikate mpaka miche ikomae. Karakana nikaiandika jina la binti yangu. Mumewe atamng'olea misumari.

Nikawasomea kwa sauti.

"Visiki tu, Baba?"

"Ndivyo ulivyonibakishia, mwanangu."

Vijana mnaosoma hapa: mti uliosimama unafanya kazi kuliko mpumbavu anayetembea. Tumieni mlichonacho mpaka kiishe kweli, ndipo mnoe shoka. Na kabla ya kumwibia mzee, hakikisheni hajawaandikia urithi!

Nikalamba bahasha, nikaibana kwa kiganja, nikabandika stempu. Nikampa Meneja mwenyewe aipeleke posta kwa miguu.

Na Bubu nikamtuma amsindikize, apige soga njia nzima.